Sura ya 7: Kisichopimwa na Mizani ya Sonara

Weka rupia mbili kwenye kitanga cha mizani ya sonara. Ya kwanza ina sura ya Malkia Victoria. Ilifuliwa India na kuvuka bahari pamoja na mchele na nguo. Ya pili ina taji na jua, jina la Mombasa, mwaka 1888 na herufi ndogo H, alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, Uingereza. Sonara atapima ya kwanza: gramu 11.66. Ataitoa, apime ya pili: gramu 11.66. Akizisugua kwenye jiwe lake na kuzidondoshea tindikali, zote mbili zitatoa jibu lile lile: katika kila sehemu 1,000, sehemu 917 ni fedha safi na zilizobaki ni shaba. Kwa sonara hizi ni pacha. Akishaziyeyusha, hata yeye mwenyewe hatajua tone lipi lilikuwa la Malkia na lipi lilikuwa la Mombasa.

Mkusanyaji wa sarafu akisimama upande wa pili wa meza hiyo hiyo, haoni pacha. Rupia ya Malkia ataitajia bei ya fedha iliyomo na kidogo juu yake, kwa kuwa zilifuliwa kwa mamilioni na bado ziko tele. Ile ya Mombasa ataigeuza kwanza, aitazame ukingo, aisogeze kwenye mwanga, na huenda asiseme neno kwa muda. Mnunuzi mjuzi hunyamaza akiona kitu anachokitaka. Atakapofungua mdomo, bei yake haitakuwa na uhusiano mkubwa na gramu 11.66.

Sura hii inahusu pengo lililoko kati ya bei hizo mbili. Nimeichagua pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Diani na Msambweni hadi Vanga mpakani, kwa sababu karibu kila aina ya sarafu ya fedha iliyowahi kutumika Afrika Mashariki ilipita hapa, na nyingi ziliishia kwenye kalibu ya sonara.

Fedha ni fedha

Lugha yetu yenyewe imetufundisha kupima kabla ya kutazama. Neno fedha, tulilolipata kwa Waarabu, ni jina la madini. Leo tuna Wizara ya Fedha isiyo na hata kipande cha madini hayo mezani, lakini neno limebaki, likikumbuka zamani pale mali ilipopimwa kwa uzito. Pesa nalo lilitoka India, jina la kijisarafu cha shaba. Na wakia, tunayoitumia leo kutafsiri vipimo vya wageni, hapa pwani ilikuwa uzito wa reale moja ya fedha. Wakia 16 zilifanya ratili. Yaani sarafu ndiyo iliyokuwa jiwe la mizani.

Reale zenyewe zilikuwa za namna kadhaa. Kulikuwa na reale ya mzinga, sarafu ya Hispania yenye nguzo mbili. Mafundi wa Hispania walichonga nguzo, watu wa pwani wakaona mizinga. Kulikuwa na reale ya Sham, yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, kifua kipana na ushungi kichwani. Mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, Sayyid Barghash bin Said wa Zanzibar alitoa reale yake mwenyewe, yenye maandishi ya Kiarabu pande zote. Baadaye rupia ya India ikazifunika zote.

Tufanye hesabu ya sonara. Tuseme gramu moja ya fedha safi ni shilingi 100. Hiyo si bei ya leo, maana ya leo hubadilika kabla ya chai ya saa nne. Ni namba rahisi ya mfano tu. Reale ya Sham ina uzito wa gramu 28.07, na usafi wake ni sehemu 833 kwa 1,000. Fedha safi iliyomo ni gramu 23.39, sawa na shilingi 2,339. Rupia ina gramu 10.69 za fedha safi: shilingi 1,069. Shilingi ya kikoloni ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1920, yenye simba na milima, ina uzito wa gramu 7.78 lakini robo tu ndiyo fedha: gramu 1.94, sawa na shilingi 194.

Hiyo ni sakafu, na hakuna mwenye akili atakayeuza chini yake. Swali ni kiasi gani kinaweza kujengwa juu ya sakafu hiyo, na kwa matofali gani.

Mwaka usiokwisha

Wengi hudhani tofali la kwanza ni umri. Reale ya Sham itawasuta. Kila unayoikamata imeandikwa 1780, mwaka aliofariki Maria Theresa. Lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Uhabeshi walikwisha kuiamini sura ile na hawakutaka nyingine, kwa hiyo Vienna iliendelea kuifua kwa tarehe ile ile. Mwaka 1935 Italia, ikijiandaa kuivamia Ethiopia, ilipata mihuri na kuanza kuifua Roma. Uingereza nayo ikaifua London na Bombay; Ufaransa na Ubelgiji zikafuata. Zilizofuliwa zinahesabiwa kwa mamia ya milioni, na zote ni za mwaka 1780.

Watumiaji wa zamani hawakuwa wajinga. Walihesabu lulu kwenye kipini cha begani cha Malkia, na walipapasa ukingo wenye maandishi ya Kilatini yanayomaanisha haki na rehema. Maandishi yale yalikuwa mlinzi: mtu akiukata ukingo ili aibe chembe za fedha, herufi zingemshitaki. Wakusanyaji wa leo wanahesabu lulu zile zile na manyoya ya mkia wa tai, lakini kwa kusudi jingine. Wanatafuta kujua sarafu ilitoka kiwanda gani na kipindi gani. Aliye nayo iliyofuliwa kweli katika karne ya 18 ana kitu. Aliye na ya juzi ana gramu 23.39 za fedha na hadithi nzuri ya kusimulia.

Basi ukiambiwa sarafu ina thamani kwa kuwa ni ya kale, uliza kwanza ziko ngapi.

Kampuni iliyoishi miaka michache

Turudi kwa rupia ya Mombasa. Tarehe 24 Mei 1887 Barghash alikodisha usimamizi wa ukanda wake wa pwani, upana wa maili 10, kutoka mto Umba karibu na Vanga hadi Kipini, kwa kundi la wafanyabiashara Waingereza. Mwaka uliofuata kundi hilo likapata hati ya kifalme na kuitwa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, IBEAC. Gazi, Msambweni na Diani zote zilikuwa ndani ya ukanda ule. Kampuni ilitaka ionekane kama serikali, na serikali huonekana kwa sarafu. Ikaagiza rupia za mwaka 1888, kisha vipande vidogo vya mwaka 1890: nusu rupia, robo rupia na ana mbili. Pesa yake ya shaba ilichorwa mizani.

Haikudumu. Mwaka 1895 Kampuni ilikuwa hoi kifedha, Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi yuko katika uasi, na serikali ya Uingereza ikachukua nchi mikononi mwake. Sarafu za Kampuni zikabaki bila mwenyewe. Zilikuwa na uzito na usafi sawa na rupia ya India, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuzitenga. Zikaingia kwenye vifuko vile vile, zikalipa kodi ile ile, na zilipofika kwa sonara zikageuzwa vikuku na mitali kama nyingine zote.

Hapo ndipo uadimu unapozaliwa. Kiwanda huamua zitakuwa ngapi mwanzo, lakini tanuri ndilo linaloamua zitabaki ngapi mwisho. Kila rupia ya Mombasa iliyogeuzwa kikuku ilimpandishia bei mwenye ile iliyosahaulika chini ya sanduku.

Kwa upande wa kiwanda, mfano ulio wazi zaidi ni shilingi ya simba. Mwaka 1924 zilifuliwa zaidi ya milioni 44. Mwaka 1923 zilifuliwa 50,000 tu. Kuzitofautisha ni suala la tarakimu moja ndogo, na mizani haijui kusoma tarakimu. Kwa sonara zote ni gramu 1.94. Kwa mkusanyaji, ya 1924 iliyochakaa ni ya kumpa mtoto aanze nayo, na ya 1923 ni ya kumpigia rafiki simu usiku.

Bei ya fedha inapopanda

Fedha yenyewe nayo hufanya kazi ya tanuri. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja, yaani kila rupia shilingi 1 na pensi 4 za Uingereza. Vita vilipoisha bei ya fedha duniani ikapaa, na rupia, kwa kuwa ilikuwa fedha kweli, ikapaa nayo kupita shilingi 2. Mwaka 1920 serikali ikaifunga kwenye shilingi 2 na kuleta sarafu mpya, florini, ichukue nafasi yake moja kwa moja. Florini ilikuwa na uzito wa rupia lakini nusu tu ndiyo fedha. Haikumaliza hata miaka miwili kabla ya shilingi kuingia, mbili kwa florini moja.

Tazama kilichotokea kwa deni lile lile la mtu yule yule. Katika rupia lilikuwa gramu 10.69 za fedha. Katika florini likawa gramu 5.83. Katika shilingi mbili likawa gramu 3.89. Mwaka 1948 shilingi ikaanza kufuliwa kwa shaba na nikeli, na fedha ikawa sifuri. Mtu aliyeificha rupia na kutumia florini hakuwa mchoyo. Alikuwa amepiga hesabu. Florini nazo zikaondolewa sokoni upesi, na leo zilizo safi hutafutwa kwa sababu ya ufupi wa maisha yao.

Januari 1980 jambo kama hilo lilitokea kwa ukubwa zaidi. Ndugu wa Hunt wa Marekani walikuwa wamekusanya fedha nyingi mno, na bei ya wakia moja ikakaribia dola 50. Dunia nzima watu walipeleka sarafu, vijiko na sinia kuyeyushwa. Kisha bei ikaanguka. Sarafu zilizoyeyushwa hazikurudi, na baadhi ya zilizobaki zikawa adimu kuliko vitabu vya orodha vilivyodhani. Fedha inapopanda, pengo kati ya mkuo na sarafu hupungua, na hapo ndipo kishawishi cha kuyeyusha kinapokuwa kikubwa na makosa yasiyorekebishika yanapofanyika.

Ndimu na majivu

Tofali jingine ni hali ya sarafu, na hili ndilo linalobomolewa na mikono yenye nia njema.

Chukua mfano wa msichana wa Msambweni aliyerithi kifuko cha nyanya yake: rupia nne, mbili zikiwa za Kampuni, zimefungwa kwenye kitambaa na kuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Kesho ataondoka alfajiri, apite Ukunda, avuke Likoni aende Mombasa akaulize bei. Shangazi yake anamtazama na kusikitika.

"Mwanangu, utaenda nazo hivyo? Watu watasema umeziokota jaani. Lete ndimu na majivu."

Baada ya dakika kumi zinang'aa kama sahani ya harusi. Shangazi ameridhika, na sehemu kubwa ya thamani imemwagika na maji ya ndimu.

Sababu ni hii. Muhuri wa chuma unapoigonga fedha, madini hutiririka kidogo kutoka katikati kwenda ukingoni, na kuacha michirizi midogo isiyoonekana kwa jicho. Ndiyo inayofanya sarafu mpya, ukiizungusha kwenye mwanga, iwe na mng'ao unaozunguka kama mabawa ya feni. Majivu ni mchanga mwembamba. Huilaza michirizi yote na kuacha mikwaruzo mipya inayokwenda kila upande. Weusi wenyewe haukuwa uchafu. Ni utando unaotokana na salfa iliyoko hewani, na chini yake uso wa asili ulikuwa umelindwa. Mkusanyaji hupenda utando huo kama mpenda mbao anavyopenda rangi ya mlango wa zamani. Sarafu iliyosuguliwa humwambia jambo moja: mwenyewe alitaka kuificha hali yake.

Wauzaji wakubwa hupima hali kwa ngazi za 1 hadi 70, mfumo ulioanzishwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Ngazi ya 1 ni sarafu unayoitambua kwa shida. Ya 70 haina dosari hata ukiitazama kwa kioo cha kukuza. Kati ya sarafu mbili za mwaka mmoja, ngazi chache zinaweza kuzidisha bei mara kadhaa. Sarafu iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni hushuka chini kabisa kwa mkusanyaji wa sarafu, ingawa anayekusanya mapambo anaweza kuipenda kwa tundu lile lile.

Wanaoitaka

Tofali la mwisho ni watu. Sarafu inaweza kuwa ya pekee duniani na isiuzwe, kama hakuna anayeitaka. Mnunuzi mmoja anakupa anachopenda. Wawili wakishindana ndipo bei inapopatikana.

Januari 2013, huko New York, dola ya fedha ya Marekani ya mwaka 1794 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 10. Ilikuwa kati ya 1,758 za kwanza, na hali yake ilikuwa ya ajabu. Fedha safi iliyomo ni kama gramu 24, karibu sawa na reale ya Sham uliyoipima juu. Ukiziyeyusha zote mbili utapata mikuo miwili ya kutengenezea kikuku kimoja. Tofauti ni kwamba nyuma ya ile moja lipo taifa kubwa la matajiri wanaopenda mwanzo wa historia yao na walio tayari kupigania kipande chake.

Waliokusanya sarafu za Afrika Mashariki kwa muda mrefu wamekuwa wageni zaidi kuliko sisi, nao ndio walioandika orodha na kupanga bei. Siku Wakenya na Watanzania watakapoanza kuzitafuta kwa wingi, rupia ya Mombasa itakuwa ile ile kwenye mizani, lakini mezani watakuwa wamekaa watu wengine.

Viwanda vimelielewa hili. Somalia ina sarafu ya fedha ya uzito wa wakia moja, yenye ndovu, inayofuliwa Munich, Ujerumani. Huuzwa kwa wawekezaji kama mkuo, lakini picha ya ndovu hubadilishwa kila mwaka, ili mwenye ya mwaka jana aitafute ya mwaka huu.

Palipo na hamu pana bandia. Reale ya bati huuzwa kwa watalii kwa maneno matamu, na wahenga walishasema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mizani ambayo sura hii imeilaumu ndiyo silaha ya kwanza hapa. Reale isiyokaribia gramu 28 hata kama haijachakaa, rupia inayonaswa na sumaku, ukingo wenye mshono wa kalibu: hizo zirudishe kwa heshima.

Thamani isiyo na bei

Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ilipatikana akiba ya zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha, pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi. Ni za karne ya 11. Zina majina ya watawala Waislamu wa pwani hii, waliofua fedha yao wenyewe wakati ambapo vitabu vingi vilidhani hapakuwa na kitu. Kwa sonara, vijisarafu vile vyembamba visingefanya vikuku vingi. Kwa historia, vilitupa majina ya watawala na ushahidi wa mfumo mzima wa fedha.

Vilitupa hayo kwa sababu vilipatikana pamoja, mahali panapojulikana. Vingetawanywa madukani kimoja kimoja, visingesema kitu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hata kwa sarafu moja ya nyumbani, karatasi iliyoandikwa ilitoka kwa nani, ilikaa wapi na ilipatikanaje ni sehemu ya thamani yake.

Sheria nayo inalitambua hilo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, mwaka ule ule Kampuni ilipoondoka. Rupia ya 1888 imo. Shilingi ya 1923 haimo. Kitu cha kale hakitoki nchini bila kibali, na anayefukua vitu vya kale ardhini anapaswa kutoa taarifa. Mwenye kifuko cha nyanya yake si mhalifu. Lakini anayekitia kwenye mkoba wa mtalii wa Diani anaweza kuwa mhalifu.

Kabla hujampa sonara

Simlaumu sonara. Yeye hununua anachouza, na kikuku kilichofuliwa vizuri nacho kina thamani kuliko mkuo, kwa kuwa mkono wa fundi umo ndani yake. Lakini kalibu yake ina tabia moja: huhifadhi fedha yote na kupoteza kila kingine. Tarehe, herufi, jina la Mombasa, lulu za Malkia na utando wa miaka mia haviwezi kutolewa tena kwenye mkuo, hata ukilipa mara kumi.

Kwa hiyo, ukifungua kifuko cha wazee wako huko Kwale au kwingineko, usisugue. Shika sarafu kwa ukingo. Soma mwaka na herufi ndogo chini yake. Piga picha pande zote mbili, andika jina la aliyekuachia, kisha uliza bei kwa watu wawili wasiojuana. Ukikuta ni rupia ya kawaida iliyochakaa, umepoteza siku moja na nauli, na sonara bado yupo. Sarafu inaweza kuwa mkuo siku yoyote. Mkuo hauwezi kuwa sarafu tena.